Kamuti: neno dogo la Kikamba katika kinywa cha Nairobi

Nilikuwa darasa la nne nilipopelekwa Kangundo kwa susu, ndivyo Wakamba tunavyomwita nyanya, nikae naye likizo ya Agosti. Nimezaliwa na kulelewa Umoja, mashariki mwa Nairobi, na Kikamba changu siku hizo kilikuwa cha kuokotaokota. Jioni moja susu alikuwa anafungia kuku bandani. Akaniambia nimletee kamuti. Nikaganda. Kule mtaani kwetu kamuti lilikuwa neno la kunong'onezwa. Lilikuwa ndiyo sababu, walivyosema watu wazima, ya baba mmoja wa ghorofa ya juu kuwahi nyumbani kila siku saa kumi na moja na kumsaidia mkewe kufua. Susu aliponiona nimesimama tu, aliinama mwenyewe, akaokota kijiti kilichokuwa karibu na mguu wangu, akakipachika kwenye kitanzi cha mlango wa banda. Kamuti yenyewe ilikuwa hiyo.

Tangu siku hiyo nimeishi na maana zote mbili, kijiti na dawa ya kumvuta mtu, na nimewaona watu wakizichanganya, mara kwa utani, mara kwa kuumiza. Neno hili linasikika Nairobi kila siku: kwenye matatu, ofisini, kwenye kibanda cha chai, kwenye vikundi vya familia vya simu. Wengi wanaolitamka hawajui limetoka wapi wala linamwangukia nani. Kwa hiyo nitalifungua polepole, nikianzia kwenye mti.

Kwa Kikamba, mti ni mũtĩ. Alama zile juu ya herufi si mapambo. Zinaonyesha irabu ambazo Kiswahili hakina: ũ inayotamkwa kati ya u na o, na ĩ inayotamkwa kati ya i na e. Ukitanguliza ka-, kiambishi cha udogo, unapata kamũtĩ, yaani mti mdogo, kijiti. Wingi wake huanza kwa tũ-. Mkikuyu naye akilisikia analielewa hivyo hivyo, maana lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu. Nairobi ilipolichukua neno ililivua zile alama, ikalitamka kwa irabu za Kiswahili na kuliandika kamuti. Ndiyo maana mtu wa Kitui akilisikia linavyotamkwa Eastleigh anajua mara moja kwamba msemaji hakulipata kwa mama yake.

Lakini mti unageukaje dawa ya kumvuta mtu? Hapa hatuhitaji kwenda mbali. Mzizi wa neno hili ni wa Kibantu na umetapakaa kusini yote mwa bara. Kizulu kina umuthi, na umuthi ni mti na ni dawa, neno moja kwa vyote viwili. Afrika Kusini wamelifupisha likawa muti, likaingia hata kwenye Kiingereza cha kule kwa maana ya dawa za mganga. Kiswahili nacho kinaijua njia hiyo. Tunasema mitishamba tukimaanisha dawa, na mganga wa zamani alikwenda porini kuchimba dawa, yaani kuchimba mizizi. Kwa watu walioishi na misitu na vichaka, dawa haikuwa kitu cha kununua kwenye chupa. Ilikuwa gome, jani, mzizi, utomvu. Ukitaka kusema "dawa kidogo", kipande tu cha kutia mfukoni, ni jambo la kawaida kusema "kamuti".

Na udogo huo una kazi. Kitu chenye nguvu za siri mara nyingi hupewa jina la kukipunguza, kwa heshima au kwa hofu. Mtu hasemi "ile dawa kubwa ya kutisha". Anasema kale kajiti.

Linganisha na maneno ya pwani. Hirizi, neno lililotoka Kiarabu, lina umbo: kitu kilichoshonwa ndani ya ngozi au kitambaa, kikafungwa mkononi, shingoni au kiunoni. Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na maji hayo yakanywewa. Kago hulinda shamba. Fingo huzikwa ardhini ili ilinde nyumba au mji. Kila neno hapo linakuambia kitu ni nini, kinawekwa wapi na kinafanya nini. Kamuti ya Nairobi haikuambii chochote. Inaweza kuwa unga, kipande cha mzizi, uzi, mchanga wa unyayo, maji ya kuogea, au isiwe kitu kabisa. Sijawahi kukutana na mtu wa Nairobi aliyesema kwa uhakika kwamba ameiona. Nimekutana na mamia waliosema imetumika.

Kikamba chenyewe hakikuwa na ukungu huo. Wazee wa kwetu walitenganisha pande mbili. Kuna mũndũ mũe, mtu anayetibu, anayetazama, anayeitwa mvua ikikataa na mtoto akiugua. Kisha kuna mũoi, mchawi, anayedhuru. Uganga wa kwanza huitwa ũwe, uchawi wa pili ũoi. Mti unaweza kuwa mmoja, na kitu cha kujua ni mkono ulioushika na nia iliyouchimba. Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui aliyezaliwa mwaka 1931 na kuwa mmoja wa wasomi wakubwa wa dini za Kiafrika, alilalamika katika maandishi yake kwamba nguvu hizi zimeandikwa kwa ujinga na kwa kutia chumvi, yote yakimiminwa kwenye kapu moja la ushirikina. Ninapolisikia neno kamuti mjini namkumbuka, kwa sababu mji nao umefanya hivyo hivyo. Umechukua neno la kijiti, ukaufuta mpaka kati ya mganga na mchawi, ukabaki na shaka tupu.

Sasa, kwa nini kamuti ihusishwe na Ukambani? Kenya ina waganga kila upande. Waluo wana jabilo, mganga wao, na wana manyasi, dawa zao, Wakikuyu wana mũndũ mũgo. Tena neno la Kikuyu la dawa, mũthaiga, linafanana herufi kwa herufi na jina la mtaa wa matajiri wakubwa wa Nairobi, Muthaiga, na hakuna anayemwogopa mtu kwa kuwa anaishi huko. Sifa ya kamuti imetuangukia sisi kwa sababu ambazo naona zinaeleweka ukizipanga.

Karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1849, mwaka ule Krapf alipouona Mlima Kenya akiwa upande huo. Watu waliotembea mbali hivyo walijulikana na wengi, na mgeni mwenye bidhaa daima hushukiwa kwamba amebeba na vingine. Isitoshe walikuwa wawindaji. Mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti, sumu ya kumwangusha ndovu. Ukimjua mtu anayejua mti gani unaua ndovu, ni hatua fupi kuamini kwamba anajua pia mti gani unavuta moyo.

Halafu kuna waonaji. Mji wa Machakos umechukua jina la Masaku, mzee anayekumbukwa kwa uongozi na kwa kuona yajayo. Syokimau, mwanamke mwonaji, husimuliwa kuwa alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchini akitema moto, na watu wakaja kusema alikuwa anaiona reli. Leo Syokimau ni kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012, na kila asubuhi maelfu ya watu wanapanda pale kwenda mjini. Huwa natamani mmoja wao akisema "kamuti" akumbuke ameketi kwenye treni iliyotoka kwenye kituo chenye jina la mwanamke aliyesifiwa kwa maono yake.

Ukaribu nao ulichangia. Machakos ilikuwa kituo cha Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. Utawala ulihamishiwa Nairobi mwaka 1899. Wakamba walikuwa mjini tangu mwanzo, wakifanya kazi relini, polisini, jeshini, nyumbani kwa watu. Kisha ikaja kesi ya mwaka 1932, ambapo wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemtuhumu kuwa mchawi. Hukumu hiyo ilibadilishwa baadaye ikawa vifungo, lakini gumzo lilifika hadi Uingereza, na jina la Wakamba likashonwa na neno uchawi kwa uzi wa magazeti.

Hata hivyo nisizidishe upekee wetu. Kila mji mkubwa una mahali pake pa kuogopa. Dar es Salaam husema Sumbawanga, au Gamboshi. Wa pwani humtaja Mpemba. Uchawi mkali huwa wa kwa watu, nadra sana uwe wa nyumbani kwa msemaji, na msemaji wa Nairobi alipotafuta "kwa watu" palipo karibu, alitazama mashariki, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi.

Tukirudi mjini, kuna neno lenyewe linavyotumika. Hapa ndipo penye utata hasa, kwa sababu sauti ni ile ile lakini mambo yanayosemwa ni mengi.

Maana inayosikika zaidi ni ya mapenzi. "Huyo jamaa ameekewa kamuti. Bibi akipiga simu, anaacha soda mezani." Mwanamume anayempenda mkewe waziwazi, anayemsikiliza, anayempa mshahara, anayekataa kutoka na marafiki Ijumaa, huyo amewekewa, au amelishwa. Pembeni yake kuna neno jingine la Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, kukaliwa, ambalo husimuliwa kwa kisa cha chapati: kwamba mwanamke huikalia chapati kabla ya kumpa mwanamume, na akishaila hana ujanja tena. "Amekaliwa" hutosha siku hizi, chapati haitajwi. Limbwata la Watanzania nalo limevuka mpaka na linaeleweka hapa, nalo pia huingia kwa chakula. Jiko ndilo linaloshukiwa, na ukiona jiko linashukiwa ujue anayeshukiwa ni mwanamke.

Maana ya pili ni sifa. "Mathe, hii pilau uliweka kamuti?" Hapo mteja anamsifu mpishi, na mama wa kibanda anacheka na kumwongezea kachumbari. "Hako kaduka kako na kamuti, watu hawaishi." Kipa akidaka penalti tatu, kamuti. Mwalimu ambaye wanafunzi hawachoki kumsikiliza, kamuti. Neno hapa limetoka kwenye mti na limekuwa jina la mvuto usioelezeka. Neno mojo la Wamarekani Weusi lilipita njia inayofanana: lilikuwa kifuko cha kitambaa chenye mizizi ndani, kikafichwa mwilini, na leo anayesema amepoteza mojo yake hana habari na kifuko, anasema ile nguvu yake ya ndani imemtoka. Tofauti ni kwamba mojo imevua uchawi karibu wote. Kamuti bado haijauvua. Hata kwenye sifa kuna harufu yake, na mpishi yule yule aliyecheka kwa pilau hatacheka ukimwambia neno hilo kuhusu mumewe.

Maana ya tatu ndiyo inayonikera. Ni maelezo ya mafanikio ya mtu ambaye msemaji hakutaka afanikiwe. "Si bure. Huyo ana kamuti." Amepandishwa cheo, amepata zabuni, amejenga, amepata mume msomi. Miaka yake ya shule ya usiku haihesabiwi, wala saa alizoamka. Neno moja linameza yote.

Juju, neno la Afrika Magharibi lililoenea hapa hasa filamu za Kinigeria zilipojaa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000, linaweza kushika nafasi hiyo ya tatu bila shida. Mwanasiasa ana juju, timu ya mpira ina juju. Lakini sikiliza vizuri utaona kwamba juju ni ya vita na ya pesa, na haina kabila hapa kwetu. Kamuti ni ya nyumbani, na ina kabila.

Sasa nitazame sarufi, kwa sababu sarufi inafichua kitu ambacho wasemaji hawakukusudia kukisema. Vitenzi vya kamuti karibu vyote ni vya kutendwa na kutendewa. Ameekewa. Amelishwa. Ametupiwa. Amekaliwa. Amefungwa. Mwanamume mwenye mapenzi katika lugha hii hatendi kitu chochote. Hapendi, hachagui, haamui kuwahi nyumbani. Anafanyiwa. Jaribu kuligeuza useme "Amejiwekea kamuti", uone linavyokataa kukaa mdomoni. Neno limejengwa ili kumwondolea mwanamume hiari yake na kumkabidhi mwanamke hatia, yote kwa kiambishi kimoja kidogo, -w-. Anayempenda mkewe haonekani mtu mwema aliyechagua vyema, anaonekana mgonjwa. Na dawa ya mgonjwa, marafiki watakuambia, ni kumtoa kwenye mikono ile.

Ndiyo maana nasema neno hili hulinda kitu. Linalinda wazo kwamba mwanamume timamu hawezi kumpenda mkewe kiasi hicho. Akionekana anampenda, lazima kuwe na sababu kutoka nje.

Kuna jambo la ngeli pia, na nitalipitia upesi. Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa ki- na vi-: kijiti, vijiti. Sheng ilichukua ka- na tu- kutoka lugha za watu wake, hasa Kikamba, Kikuyu na za Waluyia, ndipo tukapata kagari, kanyumba, tujamaa. Kamuti lilipoingia lilikuwa tayari na ka- yake. Wapo wanaoisikia na kusema "kamuti kake kameshika". Wengine hawaisikii tena, wanaliona neno zima kama shina, wakalitia kwenye ngeli ya vitu vya kigeni: "kamuti yake imeshika". Nimesikia hata makamuti. Mimi naandika "kamuti yake" nikiongea na watu wa mjini, na sijisikii nimekosea, maana kamuti ya mjini si kile kijiti tena.

Wapo wanaoliuza. Pita barabara yoyote ya Nairobi yenye nguzo za umeme utayaona mabango: mganga kutoka Kitui, kutoka Tanga, kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anafungua nyota, anatafuta kazi, anaongeza nguvu za kiume, anakamata wezi. Namba ya simu chini. Hilo ni soko, na lazima tulitenganishe na mama anayeuza mukombero na mwarobaini kandokando ya kituo cha Machakos Country Bus, karibu na Muthurwa. Yule mama anauza mzizi unaouona, anakuambia utafune au uchemshe, na kesho utamkuta pale pale ukitaka kumlalamikia. Wa bango huanza na ada ndogo ya kufungua njia, inatumwa kwa M-Pesa. Kisha anakuuliza maswali mpaka umemweleza mwenyewe jina la mume, jina la unayemshuku na siku mambo yalipobadilika, halafu anakurudishia maneno yako kama maono. Kisha ada inapanda. Mume akirudi, dawa imefanya kazi. Asiporudi, ulivunja mwiko: ulisalimiana na mtu njiani, uliangalia nyuma. Kitu kisichoweza kushindwa hakiwezi kupimwa, na mteja analipa mpaka anachoka.

Sheria inasema nini? Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyoanza kutumika mwaka 1925 na ambayo tuliirithi kutoka kwa wakoloni. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi kwa lengo la kutisha, kuudhi au kudhuru, kifungo cha hadi miaka 5. Inagusa pia hirizi zilizowekwa kwa nia hiyo. Anayechukua pesa kwa udanganyifu ana kifungu chake kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, hadi miaka 3. Upande wa pili, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asili. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kusimama kwenye sheria mbili, na kama wazee wa kwetu, sheria inatazama nia ya mkono.

Ila kuna kifungu cha ile Sheria ya Uchawi ambacho ningependa kila mtu mjini akijue. Sheria hiyo haimwadhibu mchawi tu. Inamwadhibu pia anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi au kutishia kumshutumu, isipokuwa kama anapeleka madai yake kwa polisi, kwa chifu au kwa mwenye mamlaka. Waliotunga sheria walikuwa na sababu zao za kikoloni na sizitetei. Lakini waliona jambo moja sawasawa: kwamba tuhuma yenyewe huua. Nchini humu wazee, hasa akina mama wajane, wamechomewa nyumba na kuuawa kwa sababu mtu alisema neno. Kamuti ya utani wa matatu haijafika huko. Hata hivyo ni mwana wa ukoo huo, na ukimchekea kila siku unamzoea.

Mwenye kulipa bei ya utani huu mjini ni mwanamke wa Kikamba. Nalisema waziwazi kwa sababu nimeliona. Nimekaa ofisini nikasikia mwenzangu, aliyefanya kazi miaka 6 bila kuchelewa, akipandishwa cheo Jumatatu na kuitwa "yule wa kamuti" ifikapo Jumatano. Alicheka nao. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia alicheka kwa sababu ukikasirika wanasema umethibitisha. Mchumba akipatikana, swali la kwanza huwa ni anatoka wapi. Ukijibu Kitui, Makueni au Machakos, kuna anayeguna, na kuguna huko kuna maana. Mume akiugua, jicho humtazama mke. Mume akifa mapema, mjane wa Kikamba ana mzigo wa pili juu ya msiba.

Watanijibu kuwa ni mzaha tu, kila kabila lina la kutaniwa. Ni kweli, Nairobi inataniana, na mimi mwenyewe napenda utani huo. Mluo atataniwa kwa majivuno, Mkikuyu kwa pesa. Utani huo unagusa tabia ambayo mtu anaweza kuionyesha au kuikanusha mbele ya macho ya wote. Huu wa kamuti unadai kitu kisichoonekana, na mtu hawezi kukithibitisha kuwa hakipo. Utamwonyesha nani jiko lako ili aamini kuwa halina kitu?

Miaka michache iliyopita tulikuwa Kangundo, kwa mahari ya binamu yangu. Wageni walitoka Nyeri, watu wa heshima, waliokuja na mablanketi na sukari na maneno mazuri. Wazee walikuwa wamekubaliana. Chakula kilikuwa kinapakuliwa pale shangazi wa bwana harusi, mama wa makamo ambaye hakuwa amesema mengi, aliposukuma sahani yake mbele kidogo na kumuuliza mpwa wake, kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini: "Na una hakika hukuwekewa kitu?"

Hema lote lilisikia. Baba yake binamu yangu aliweka kikombe chini. Susu alikuwa bado hai, ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango, na sijui kama alisikia.

Kijana hakucheka, na hakugeuza neno kuwa mzaha kama tulivyozoea. Alimgeukia shangazi yake kwa adabu. "Tata," akamwambia, "mimi sikuwekewa. Nilimfuata mwenyewe. Miaka 2, kila Jumapili, na matatu ya Kangundo Road, hadi akakubali."

Shangazi akamtazama kwa muda. Kisha akaivuta sahani yake, akaomba aongezewe nyama.